Kadi sita za RX 580 au moja ya RTX 3060? Jibu kwa msomaji wa Mwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Mwanza, nina steshenari na upande mmoja naedit video za harusi. Nimeweka akiba kama milioni moja. Kuna mtu anauza kadi za grafiki RX 580 za GB 8 zilizotumika, zipo sita, laki na nusu kila moja. Anasema kila kadi inaingiza dola 2 kwa siku, amenionyesha na picha kwenye simu. Mwingine ana RTX 3060 moja kwa laki sita na nusu. Nataka kuchimba bitcoin nyumbani, maana umeme wa nyumbani ni nafuu, kwa mwezi sizidishi elfu saba. Nichukue zipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza pesa ikiwa bado mfukoni. Usichukue zile sita. Ile moja unaweza kuichukua, ila kwa kazi tofauti na uliyoitaja. Nitakueleza sababu, kwa hesabu utakazoweza kuzirudia mwenyewe kwa kalamu.

Kwanza bitcoin. Bitcoin haichimbwi tena kwa kadi ya grafiki, na imekuwa hivyo tangu zilipoingia mashine za ASIC, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu, mwaka 2013. Mashine kama Antminer S19 Pro inapiga hashi, yaani majaribio ya hesabu ya kuchimba, trilioni 110 kwa sekunde. Kadi ya grafiki kwenye hesabu hiyo hiyo inapiga mabilioni machache tu. Kule Kongo, Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilianza kuchimba bitcoin mwaka 2020 kwa umeme wa maji inaouzalisha yenyewe, na ilitumia mashine hizo hizo za kazi moja. Ukisikia mtu wa kadi za grafiki analipwa bitcoin, ujue anachimba sarafu nyingine na mtandao unaomlipa ndio unaombadilishia.

Sarafu iliyozipandisha bei kadi za grafiki ilikuwa Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 iliacha kabisa mfumo wa uchimbaji, na kadi zote duniani zilizokuwa zikiichimba zikakosa kazi siku moja. Zikakimbilia sarafu ndogo zilizobaki, Ethereum Classic, Ravencoin, Ergo na wenzao, malipo yakashuka mno. Hizo dola 2 kwa siku kwa RX 580 zilikuwa kweli mwanzoni mwa 2021. Picha ya kwenye simu inaweza kuwa halali kabisa, ila ni ya zama zile.

Sasa tuchukue kalamu. Kadi inayochimba kwa njia ya Ethereum inatumia nguvu yake kubwa kusoma memori. Kila hashi moja inasoma vipande 64 vya baiti 128, jumla baiti 8,192. RX 580 inasoma memori kwa kasi ya GB 256 kwa sekunde. Gawanya, unapata hashi milioni 31 na kidogo, na ukiipima mezani inatoa karibu milioni 30. RTX 3060 ya GB 12 ina kasi ya GB 360, kwa hiyo kama milioni 44, na ukiisukuma memori inakaribia 50. Ndiyo maana kwa sarafu za aina hii wachimbaji hutazama kwanza kasi ya memori na ukubwa wake. Ukubwa una maana kwa sababu faili la kuchimbia, wanaloliita DAG, lazima liingie lote ndani ya memori, nalo hukua kila baada ya siku kadhaa. Mwishoni mwa 2020 faili la Ethereum lilivuka GB 4 na kadi zote za GB 4 zikaachwa nje, hata zile zilizokuwa na kasi nzuri.

Kadi zako sita zingekuwa na hashi milioni 180. Tuseme mtandao mzima wa Ethereum Classic una hashi trilioni 200, bloku moja (kifungu cha miamala kinachomlipa aliyekichimba) inatoka kila sekunde 13, na kila bloku inalipa sarafu 2. Kwa siku zinatoka sarafu kama 13,300 kwa dunia nzima. Fungu lako ni sarafu 0.012 kwa siku. Sarafu moja ikiwa dola 20, kwa mwezi unapata dola 7, kama shilingi elfu 18. Hizo ni namba za mfano. Weka za siku utakayosoma, na utaona kwamba hata bei ya sarafu ikipanda mara tatu hali haibadiliki, kwa sababu ya hesabu inayofuata.

RX 580 kiwandani imeandikwa wati 185. Fundi mzuri akiipunguzia volti inachimba kwa wati 120 hivi. Zidisha kwa sita ni 720. Ongeza mazabodi, prosesa na feni, wati 60. Pawa saplai nayo inapoteza kidogo, tuseme asilimia 10, kwa hiyo ukutani zinavutwa kama wati 866. Hapo hakuna kuzima, ni kutwa kucha, uniti karibu 21 kwa siku, uniti 624 kwa mwezi. Bei ya kawaida ya TANESCO ni shilingi 292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inafika kama 356. Jumla, shilingi elfu 222 kwa mwezi, ili uingize elfu 18.

Najua utasema wewe nyumbani hulipi 356. Ni kweli, upo kwenye daraja la matumizi madogo, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Lakini daraja lile lina mpaka wake, uniti 75 kwa mwezi. Kadi moja tu ya wati 120, kabla hujawasha taa wala friji, inakula uniti 86. Nimewaona watu wawili walioingia hapa na hesabu ya shilingi 100 kichwani. Mwezi wa kwanza walishangaa LUKU, wa pili wakahamishwa daraja, na mama wa nyumbani ambaye hajui hashi ni nini akaanza kulipia pasi na friji kwa bei mara tatu. Hili linaniuma, kwa sababu anayeumia si yule aliyepiga hesabu.

Ukitumia vikokotoo vya mtandaoni kama WhatToMine, usikubali bei ya umeme iliyokwishajazwa. Futa, uandike yako. Shilingi 356 ni kama senti 14 za dola.

Nirudi kwenye zile RX 580, maana hata kama ungezitaka kwa kazi nyingine kuna mitego. Kuna toleo linaloitwa RX 580 2048SP lililotengenezwa kwa soko la China. Kwa ndani ni RX 570 iliyobadilishwa jina: RX 580 kamili ina viini 2,304, hii ina 2,048. Kwenye boksi hutaona tofauti kirahisi. Fungua programu ya GPU-Z, mstari wa Shaders utakwambia. Kadi nyingi za uchimbaji pia zimebadilishwa bayosi, programu ndogo iliyo ndani ya kadi, ili memori ikimbie zaidi. Mteja wangu mmoja alileta kadi ya namna hiyo, kwenye Windows draiva ikigoma kila mara, skrini ikijaa mistari ya kijani. Nilipoifungua, pedi za kupooza memori zilikuwa zimetoa mafuta na mafuta yametambaa mpaka kwenye mdomo wa kadi, pesti ya juu ya chipu imekauka kama unga, na feni moja ukiigusa kwa kidole inayumba. Tulirudisha bayosi ya asili, tukabadilisha pedi, pesti na feni. Ikapona, lakini kwa gharama ile angenunua kadi nyingine.

Na usikubali upewe "na waya zake bure". Kadi nyingi kwenye mazabodi moja huunganishwa kwa raiza, kipande cha kurefusha sloti ya mazabodi, na wauzaji hupenda kuzilisha raiza kwa waya wa SATA, ule wa kwenye hadi diski. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12. Kadi ina ruhusa ya kuvuta hadi wati 75 kupitia sloti. Nina plagi moja nimeihifadhi kwenye droo: plastiki yake nyeupe imegeuka kahawia na tundu moja limeyeyuka likaziba. Ilikuwa kazini usiku kwenye chumba walicholala watoto.

Sheria niigusie kwa ufupi. Benki Kuu ilitoa notisi Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki na sheria zetu, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio (inayokatwa kwenye malipo kabla hujayapokea) ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kabla hujaingiza hata dola moja, muulize mtu wa kodi.

Basi, RTX 3060. Kama ungenijia bila neno bitcoin na kuniambia unaedit harusi, ningekutajia kadi hii moja kwa moja. Kompyuta yako ikisubiri saa tatu kutoa video ya saa mbili, huo ndio mgodi wako uliolala. Kadi hii ina kisimbaji cha video ndani yake, sehemu maalumu ya kutoa faili la video haraka, na DaVinci Resolve na Premiere zote zinajua kuitumia. Memori ya GB 12 inabeba picha za 4K bila kulalamika. Imeandikwa wati 170, lakini inavuta hivyo ukiwa kazini tu, ukimaliza inatulia. Siku ukitaka kuiuza utampata mnunuzi, kwa kuwa mwenye gemu, mwanafunzi wa usanifu na mhariri wote wanaihitaji.

Ila nayo ina mtego. Ipo RTX 3060 ya GB 8, iliyotoka mwishoni mwa 2022, na jina ni lile lile. Njia yake ya memori ni biti 128 badala ya 192, kasi inashuka kutoka GB 360 hadi 240. Usilipe laki sita na nusu kwa hiyo. Na zipo kadi za zamani kabisa zilizoandikiwa jina jipya kwenye bayosi. Ukinunua bila kuwasha unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo usikubali kuiona mkononi tu, mwambie aichomeke kwenye kompyuta. Nenda na flashi yenye GPU-Z na FurMark, programu ya kuipa kadi kazi nzito. Angalia viini 3,584, memori 12,288 MB na biti 192. Kisha iache FurMark ikimbie nusu saa huku umekaa hapo hapo, usitoke kunywa chai. Joto likipanda likasimama kwenye sabini na kitu si neno. Likipita 85, au picha ikaanza vidoa, shukuru na uondoke. Sikiliza feni, mlio wa kukwaruza ni beringi iliyokwisha. Tazama kwa tochi pembeni mwa kadi kama kuna mafuta ya pedi. Hakikisha pia pawa saplai ya dukani kwako ni ya kweli ya wati 550 au zaidi na ina waya wa pini nane wa kadi.

Ukifika hapo, nipigie picha dirisha la GPU-Z lote, lionekane vizuri, unitumie kabla hujatoa hela. Nitalisoma siku hiyo hiyo.