Kabla ya kukokotoa HHI (kipimo cha jinsi soko lilivyo mikononi mwa wachache), chora soko

Msimu wa mapendekezo ya utafiti umerudi, na mezani kwangu kuna lile lile la kila mwaka: "Athari za ushindani kwa utendaji wa kampuni". Nguvu tano za Porter, mfumo maarufu wa kuchambua ushindani, zipo sura ya pili, dodoso la Likert (lile la "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa") kwenye viambatisho, na programu ya takwimu ya SPSS inasubiri. Wadogo zangu, nawapenda, ndiyo maana nawasemesha kwa ukali.

1. Chora soko kwanza: nani hasa anashindana na nani, na wapi. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tasnifu nyingi zinapovunjika. Niliwahi kusikiliza utetezi wa mwanafunzi mwenye bidii sana aliyeandika kuhusu saruji Tanzania. Alikusanya mauzo ya kila kiwanda, akapata mgao wa kila kampuni kwa nchi nzima, akatafuta kipeo cha pili cha kila mgao, akajumlisha, akapata HHI yake. Mtahini akamuuliza swali moja: mjenzi wa Mbeya anapata wapi mfuko wake? Kijana akanyamaza. Saruji ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo, hivyo kadiri lori linavyokwenda mbali ndivyo nauli inavyokula faida. Viwanda vya Wazo Hill (Dar es Salaam), Tanga, Mtwara na Mbeya havigombanii kila mteja kwa nguvu sawa. Pigeni hesabu wenyewe: kampuni nne zenye 25% kila moja zinatoa HHI ya 2,500. Kama kila moja inauza peke yake katika kanda yake, HHI ya kila kanda ni 10,000, yaani ukiritimba kamili mara nne. Hesabu ya kijana haikuwa na kosa hata moja, na bado sura ya nne yote ilirudishwa. Iliniuma. Simu chache kwa wauza saruji wa mikoani, mwanzoni kabisa, zingemwokoa.

Anayedhani huu ni ubishi wa darasani atazame Tanga Cement. Scancem, ya kundi la Heidelberg linalomiliki pia Twiga, kampuni ya kiwanda cha Wazo Hill, ilitaka kuinunua. Tume ya Ushindani ikaridhia, Baraza la Ushindani likabatilisha idhini hiyo mwaka 2022, na mgao wa soko ukawa katikati ya mabishano, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2003 wakati huo ilitaja 35% katika kupima nani anatawala soko. Someni shauri hilo kabla ya kufungua SPSS.

2. Faida kubwa peke yake haithibitishi ukiritimba. Mchumi Harold Demsetz alionyesha mwaka 1973 kwamba huenda kampuni ni kubwa kwa sababu inazalisha kwa gharama ndogo.

3. Ushindani hupimwa sokoni, uwezo wa kushindana hupimwa kwenye kampuni. Kiwanda kinacholindwa na ushuru kinaweza kunona nyumbani na kushindwa kuuza hata ng'ambo ya mpaka.

4. Acheni kumuuliza meneja kama ushindani ni mkali. Hajazaliwa meneja atakayejibu hapana. Muulize mteja wake wa mwisho kuondoka alikwenda kwa nani, na jirani aliposhusha bei, yeye alishusha baada ya muda gani.

5. Tafuteni waliofunga. Sampuli ya kampuni zilizo hai tu inawasifu walionusurika. Ombeni orodha za leseni za miaka ya nyuma, muwapigie simu wamiliki wa zamani. Wengi watapokea, na watawaeleza bei ilivyoshuka, nani aliwanyima mzigo na mkopo ulikwama wapi.