Miguu ya mbwa wangu inapinda

SWALI: Mbwa wangu, German Shepherd wa miezi 3, anakula ugali na mapafu ya ng'ombe. Miguu ya mbele imeanza kupinda. Nimwongezee maziwa?

JIBU: Maziwa hayatatosha, tena yanaweza kumharisha. Mlo huo una fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, hivyo mwili unachota kalsiamu kwenye mifupa. Mwone daktari wa mifugo wiki hii hii. Nunua chakula kikavu cha watoto wa mbwa wa aina kubwa: anza na robo ya mlo, ongeza kidogo kidogo kwa siku 7, umlishe mara 3 kwa siku. Vidonge vya kalsiamu usimpe bila ushauri wa daktari. Kalsiamu ikizidi, nayo huharibu mifupa. Mapafu yabaki kionjo tu, bila vitunguu.