Jibu: Deland McCullough haonekani kwenye rekodi za Miami

Salama mkuu. Unasema umepekua orodha za wachezaji wa futiboli ya Marekani wa Miami za miaka ya 90 na jina la Deland McCullough halimo. Angalia jimbo kwanza. Wewe unatafuta chuo kikuu cha Miami cha Florida, yeye alicheza chuo kikuu cha Miami cha Ohio. Mimi jina hilo la Miami lilinipotezea jioni nzima.

Pale alikuwa mkimbiza mpira (running back), kisha akaja kufundisha wachezaji wa nafasi hiyo katika vyuo vikuu vya Indiana, USC (Southern California) na Notre Dame, na timu ya kulipwa ya Kansas City Chiefs. Indiana utaikuta mara mbili, si kosa: alirudi 2021.

Na usimruke Sherman Smith, kocha aliyemfuata sekondari kumsajili Miami hiyo ya Ohio. McCullough alilelewa na mama wa kuasili. 2017 ndipo alipogundua Smith ndiye baba yake mzazi.