Kabla ya kukodi mashua ya tanga Ugiriki, ulizeni upepo

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tanga aliniandikia kwamba yeye, mumewe na marafiki wawili wamedunduliza fedha kwa miaka mitatu, na sasa wanataka kukodi mashua ya tanga Ugiriki kwa siku saba mwezi wa Agosti: watoke Athens, wapite kisiwa cha Mykonos, washuke kisiwa cha Santorini, kisha warudi Athens. Aliniomba niikosoe ratiba yake. Niliisoma mara mbili nikacheka kwa uchungu, kwa kuwa ni ratiba ile ile niliyoiandika mimi mwaka 2022, na ndiyo iliyosababisha hadi leo shemeji zangu waniite Nahodha wa Kikombe, yaani wa kuendesha chombo ndani ya kikombe tu.

Nianze na kiburi changu, maana ndicho kilichotuponza. Mimi ni mjukuu wa nahodha. Babu yangu alizaliwa Nungwi, akaendesha jahazi baina ya Unguja, Pemba na Tanga mpaka macho yalipomkataa, nami nilijua kushika demani, kamba ya kuongozea tanga, kabla sijajua kuandika jina langu. Nilipohamia Hamburg nilisomea cheti cha unahodha wa mashua za starehe, kwani Ugiriki hukitaka kwa yeyote anayekodi chombo bila kuajiri nahodha, pamoja na mtu wa pili chomboni anayeijua kazi. Nikaona cheti kile na damu ya babu vinanitosha.

Siku tuliyopokea mashua pale Alimos, kusini mwa Athens, ambako mashua nyingi za kukodi hutokea, nilimwuliza kijana aliyetukabidhi chombo maji yanakupwa saa ngapi. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza maji gani. Kwetu Unguja bamvua hupandisha maji kiasi cha mita 4, na maisha yote ya pwani hupangwa kwa kujaa na kupwa. Kule Aegean, bahari iliyo mashariki ya Ugiriki, sehemu nyingi maji hayapandi hata kwa urefu wa mguu wa mtu. Swali lile lingetosha kuniambia kwamba elimu niliyokwenda nayo ilikuwa ya bahari nyingine, lakini sikuambilika.

Mwenye amri katika bahari ile ni upepo uitwao meltemi. Huvuma kutoka kaskazini wakati wa kiangazi, hukolea Julai na Agosti, na husababishwa na hewa yenye mgandamizo mkubwa juu ya Balkani kukabiliana na ile yenye mgandamizo mdogo juu ya Uturuki. Sisi tumezoea kuisoma dhoruba mawinguni, ila meltemi huja na mbingu safi kabisa, ikaweza kufikia nguvu ya 7 au 8 katika kipimo cha upepo cha Beaufort kinachoishia 12, huku watu wa ufukweni wameketi wanakunywa kahawa.

Usiku wa pili tulilala Sounion, chini ya hekalu la Poseidon, na picha za jioni ile ndizo ambazo kila mtu aliziona na kuzipenda. Siku ya tatu tulifika Loutra, kijiji chenye chemchemi za maji ya moto katika kisiwa cha Kythnos, na hapo ndipo ratiba yangu ilipokufa. Mykonos iko mashariki ya Kythnos, na upepo ulitujia kwa mbele. Tulitoka asubuhi, tukapunguza tanga mara mbili, tukabisha, yaani kwenda upande upande dhidi ya upepo, kwa saa nne nzima, na nilipotazama ramani tulikuwa tumesogea maili sita tu. Shemeji yangu alikuwa amelala chini ameikumbatia ndoo. Mke wangu hakusema neno, na wenye wake wanajua maana yake. Tulirudi Loutra tukakaa gatini hadi Alhamisi, tukisikiliza kamba zikipiga milingoti usiku kucha, siku ambazo hata feri za abiria zilizuiwa kutoka.

Watu wengi hudhani kosa langu lilikuwa kuichagua Mykonos, na kwamba kama ningeelekea Santorini moja kwa moja ningestarehe. Kufika ningefika, tena nikiimba, kwa sababu upepo ungekuwa mgongoni. Lakini Santorini iko zaidi ya maili 100 za bahari kutoka Athens, na njia ya kurudi yote ni joshi, yaani kuukabili upepo. Majahazi yaliyokuja kwetu na kaskazi yalisubiri miezi mpaka kusi ianze ndipo yakarejea Arabuni. Mwenye mashua ya kukodi anakutaka gatini Ijumaa jioni. Sisi tuliondoka Loutra Ijumaa saa kumi alfajiri, tukaendesha mtambo kutwa nzima, tukafika usiku na kutozwa faini ya kuchelewa. Juu ya hayo kampuni ilikata euro 380 katika amana yetu kwa mkwaruzo ambao naapa tuliukuta. Tangu siku ile sipokei chombo kabla sijakipiga picha kila upande, mpaka chini ya ngazi ya kuogelea, nawe usipokee.

Mwezi Juni mwaka huu nilirudi na watu wale wale, ingawa kuwashawishi kulichukua muda kuliko safari yenyewe. Safari hii nilichagua Ghuba ya Saroniki, ambako visiwa viko karibu na bara na meltemi kwa kawaida hufika imechoka. Kutoka Alimos hadi Aegina ni maili 17 hivi, safari ya asubuhi moja. Tukalala kijiji cha Perdika, tukala pweza na njugu za pistachio zilizokipatia kisiwa kile sifa. Kutoka hapo tukaenda Poros, kisha Hydra, kisiwa kisichoruhusu magari, mizigo yake ikibebwa na punda na nyumbu. Mtoto wa Unguja alijisikia nyumbani.

Hydra ndiko nilikofuta jina langu la kikombe. Kufunga mashua Ugiriki si kulaza ubavu kwenye gati: unatupa nanga kiasi cha mita 40 mbele, unarudi kinyumenyume huku mnyororo ukiteremka, mpaka tezi, yaani nyuma ya chombo, ibakize nafasi ya ubao wa kushukia. Bandari ya Hydra ni ndogo, kwa hiyo minyororo hulaliana. Asubuhi jirani yetu aliponyanyua nanga yake aliinyanyua na yetu. Niliuona mnyororo wetu umening'inia juu ya nanga ya mtu kama nguo juu ya kamba, na tezi yetu ikaanza kuufuata ukuta. Niliwasha mtambo, nikamrushia jirani kamba aipitishe chini ya mnyororo, auning'inize kwa kamba, ateremshe nanga yake ijichomoe, kisha aufungue. Ilituchukua dakika ishirini. Shemeji yule wa ndoo ndiye aliyepiga picha, na hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo, dada yangu, uulize upepo kwanza, kisha ndipo uchague visiwa. Kama likizo yenu ni lazima iwe Agosti, nendeni Saroniki, au upande wa magharibi katika bahari ya Ionia, ambako upepo wa alasiri huja kwa adabu na kulala jioni, na vijiji kama Kioni wa Ithaca na Fiskardo wa Kefalonia viko mwendo wa saa chache. Kama mnaweza kusogeza tarehe, Juni au Septemba ni bora. Msipange zaidi ya maili 20 kwa siku, muwe mmefunga mashua kabla ya saa tisa alasiri, na muache siku moja tupu kwa ajili ya upepo. Hydra yenyewe si lazima mlale. Fungeni mashua Ermioni, kijiji cha bara kilicho mkabala, mvuke kwa feri. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Msisubiri mwezi wa mwisho.

Na ikiwa moyo hautulii bila Santorini, rudisheni mashua kwanza, kisha mpande feri pale Piraeus, bandari ya Athens. Ratiba yako nimekurudishia na alama nyingi za kalamu nyekundu. Usinikasirikie, yangu ya mwaka 2022 haikupata mtu wa kuitia hata alama moja.