Maswali ya wasomaji: klorini, meno ya kahawia na majibu ya maabara yaliyofichwa

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji huku milimani Morogoro, skimu yetu ni ya mserereko, maji yanashuka yenyewe bila pampu, na tenki ni la lita 50,000. Tukiweka klorini watu wanagoma, wanasema maji yananuka na eti yanamaliza nguvu za kiume, tusipoweka afisa afya anakuja juu. Maji yenyewe yanatoka msituni meupe kabisa. Tufanyeje, na tuweke kiasi gani?

JIBU: Marahaba ndugu katibu. Hilo la nguvu za kiume nimelisikia karibu kila kijiji nilichopita na nakwambia waziwazi sio kweli, klorini ya kiasi cha maji ya kunywa haigusi uzazi wa mtu, waliozaliwa na kukulia mijini wanakunywa hayo maji miaka nenda rudi na wanazaa watoto kama kawaida. Ila la harufu usilipuuze, hapo wananchi wana haki yao. Sehemu nyingi fundi anapanda tenkini mara moja kwa wiki, anamwaga poda kwa kukisia, viganja viwili vitatu basi anashuka, siku hiyo maji yanawasha pua na kesho kutwa hamna kitu kabisa. Skimu ya mserereko maji yanaingia na kutoka usiku na mchana, tenki halisimami, kwahiyo dawa ya jumatatu mpaka jumatano ishaenda zake yote, yani wiki nzima watu wamekunywa maji yasiyo na kinga na bado mnalaumiwa kwa harufu ya siku moja.

Fanya hivi. Chukua poda ya klorini ile ya asilimia 65, pima gramu 15, koroga kwenye lita moja ya maji safi (poda ndo inaingia kwenye maji, usimwagie maji juu ya poda, na vaa glavu na miwani), iache ituame uchukue ile ya juu. Afu panga ndoo nne za plastiki za lita 20 zenye maji yenu ya chanzo, ya kwanza tia mililita 1 kwa sirinji, ya pili 1.5, ya tatu 2, ya nne 5. Koroga, funika, subiri nusu saa kamili, ndo upime klorini iliyobaki kwa kile kiboksi cha vidonge vya DPD, maji yanageuka pinki unalinganisha rangi. Ndoo iliyobaki na miligramu kati ya 0.2 na 0.5 kwa lita ndo inakwambia dozi yenu. Tuseme imetoka ile ya mililita 2, basi tenki la lita 50,000 linataka lita 5 za mchanganyiko huo, sawa na gramu 75 za poda, na gramu 75 ni kidogo mno ukilinganisha na viganja vya fundi wako.

Sasa kwa vile maji hayasimami, dozi hiyo haitakiwi kumwagwa kwa mkupuo. Wekeni pipa dogo la plastiki lenye koki juu ya mdomo wa tenki lidondoshe taratibu mchana na usiku. Pimeni maji yanayoingia kwa ndoo na saa ya simu, kama ni lita moja kwa sekunde basi kwa siku ni lita 86,400, na kwa dozi hiyohiyo mtatumia gramu 130 hivi za poda kwa siku. Mkishatulia hapo nendeni mkapime kituo cha mwisho kabisa, kile ambacho akina mama wanalalamika maji hayafiki, sababu klorini inapungua njiani. Kama pale hamna kitu mnaongeza kidogo, kama pale panatosha na karibu na tenki hapanuki sana basi mmepatia. Anayesumbuliwa na harufu mwambieni aache maji kwenye chombo safi kilichofunikwa saa chache, inapungua sana.

Na huo weupe wa maji usikudanganye ndugu yangu. Juu ya chanzo kuna nyani, kuna popo, kuna mtu analima, kuna anayechunga, na bakteria wa kinyesi haonekani kwa macho. Mvua kubwa ikinyesha muwe na utaratibu wa kufunga valvu ya kuingiza tenkini mpaka tope lipungue, maana tope linakula klorini na wadudu wanajificha humo humo, dozi ya kiangazi haifanyi kazi masika.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Arumeru. Kisima chetu kilipimwa wakasema hakina vimelea, lakini meno ya wanangu yote yana madoa ya kahawia. Nachemsha maji kila siku. Nakosea wapi?

JIBU: Hujakosea mama, ila unapigana na adui mwingine. Kuchemsha kunaua vimelea, lakini madoa hayo kwa ukanda wenu mara nyingi ni floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano, na ukichemsha maji yanapungua floraidi inabaki palepale, kwahiyo inazidi kukolea. Zamani kwetu Tanzania kiwango kilichovumiliwa vijijini kilikuwa miligramu 4 kwa lita, sasa kiwango cha taifa ni 1.5 kama wanavyoshauri Shirika la Afya Duniani. Kwahiyo muulize aliyepima, walipima na floraidi au vimelea tu? Omba uone karatasi yenyewe. Kama iko juu, kuna chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kituo cha utafiti cha Ngurdoto huko huko kwenu wamelifanyia kazi miaka mingi, ila mkaa huo unachoka, lazima ubadilishwe na maji yapimwe tena. Mvua zikinyesha kingeni maji ya paa yawe ya kunywa na kupikia, ya kisima yabaki ya kufulia. Na kitu kimoja watu hawakifikirii, magadi. Yale ya kwenye makande yana floraidi nyingi, wapikie watoto bila magadi. Madoa yaliyokwishaingia hayatatoka kwa maji mazuri, lakini mdogo ambaye meno ya ukubwani hayajaota bado unamuokoa.

SWALI: Jirani anachimba choo mita 12 kutoka kwenye kisima cha pampu ya mkono cha kitongoji. Ni sawa?

JIBU: Sio sawa. Mita 30 ndo umbali unaoshauriwa kwa kawaida, kwenye mchanga au mwamba wenye nyufa hata hizo zinaweza zisitoshe, na choo kikiwa upande wa juu wa mteremko ndo mbaya zaidi. Mwiteni mwenyekiti wa kitongoji na afisa afya kabla shimo halijaisha, kumbomolea mtu choo ni ugomvi wa miaka. Mkiwa hapo angalieni na sakafu ya zege ya kisima, kama ina ufa maji machafu yanazama yanarudi mulemule.

SWALI: Naomba usitaje wilaya yangu. Mimi ni mhasibu wa jumuiya ya maji. Majibu ya maabara yamerudi, vituo viwili vimekutwa na E. coli, bakteria wa kinyesi. Mwenyekiti anasema tusitangaze, watu wataacha kulipia maji, tuweke dawa kimyakimya yaishe. Kwenye daftari pia kuna siku klorini haikupimwa ila namba zimejazwa. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu mhasibu, nimelisoma swali lako mara mbili. Naomba nikueleze yaliyotokea mji mdogo wa Walkerton huko Kanada, wenye watu kama 5,000 hivi. Mei 2000 mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe ikaingia kwenye kisima kimoja cha mji. Klorini ilikuwa haitoshi, na kwa miaka wahudumu walikuwa wanajaza namba za klorini ambazo hawakuzipima, kama hizo za kwenu. Maabara ikamtumia meneja majibu kwamba kuna E. coli, ilikuwa tarehe 17, yeye akakaa nayo, watu wa afya wakimpigia simu anawaambia maji yako salama. Tarehe 21 ofisi ya afya yenyewe, bila hata kuonyeshwa hayo majibu, ikaamua kuwatangazia watu wachemshe maji. Walikufa watu 7 na wakaugua zaidi ya 2,000, na wako watoto walioharibika figo. Meneja alifungwa mwaka mmoja. Huko ni nchi tajiri yenye hospitali karibu, sasa fikiria kijijini kwenu mtoto akiharisha usiku zahanati iko kilomita ngapi.

Majibu hayo hayatakiwi kulala. Kiwango cha E. coli kwenye maji ya kunywa ni sifuri kwenye mililita 100, hamna cha "ni kidogo tu". Leo hii mpigie meneja wa RUWASA wilaya, yaani wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, RUWASA ndo wanaosimamia jumuiya zenu kwa sheria ya maji ya 2019, mpigie na afisa afya, na umtumie kila mmoja picha ya karatasi ya maabara ili ibaki kumbukumbu kwamba ulitoa taarifa. Wananchi watangaziwe kwa kipaza sauti, msikitini na kanisani: maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe WaterGuard, ile dawa ya klorini ya kutibu maji nyumbani, mpaka watakapoambiwa tena. Waambieni na sababu. Mimi nimeona watu wakiendelea kulipa vizuri tu pale jumuiya ilipowaambia ukweli mapema, wanaoacha kulipa ni wale waliogundua wenyewe kwa kuuguliwa.

Daftari usilifute. Kwenye siku ambazo haikupimwa pigeni mstari mmoja namba ya uongo ibaki inasomeka, andikeni "haikupimwa", tarehe ya leo na saini. Mtu wa RUWASA akija anahitaji kujua ni lini kinga ilikosekana, namba za kubuni zinamfanya atafute tatizo mahali ambapo halipo. Afu tafuteni chanzo cha uchafu kabla ya kurundika dawa: tenki lina mfuniko? bomba limepasuka pale linapopita mtaroni? kuna mtu amejiunganishia?

Mkishatengeneza na klorini ikakaa sawa, chukueni sampuli upya kwenye vituo vilevile viwili na kimoja kabla yake. Toa mpira kwenye koki, ipitishie moto wa kiberiti cha gesi kama ni ya chuma, acha maji yatiririke dakika mbili tatu, ujaze chupa ya maabara bila kuisuuza sababu ndani ina dawa kidogo ya kuzima klorini, usiguse mdomo wake. Iwekwe kwenye deli lenye barafu ifike maabara siku hiyohiyo, na tangazo la kuchemsha lisiondolewe mpaka majibu mapya yasome sifuri.