Siku moja Luxor: anza makaburini

Ndugu, umeuliza kama kwa siku moja tu pale Luxor, Misri, uanze na hekalu la Karnak au Bonde la Wafalme, kwenye makaburi ya mafarao. Anza Bondeni, ufike geti linapofunguliwa. Ikigonga saa nne, yale majabali yanawaka kama tanuri na mabasi ya watalii yameshajaa.

Tiketi ya kawaida inakuingiza makaburi matatu tu. La farao Tutankhamun lina tiketi yake, na ni dogo. Mwenyewe bado kalala mle, lakini hazina iliyogunduliwa 1922 ilihamishiwa Cairo. Mimi ningebaki na hela yangu, niingie la Ramses IV. Dari ya chumba cha jeneza imechorwa Nut, mungu wa kike wa mbingu, kajinyoosha juu yako, na buluu yake bado inang'aa baada ya miaka 3,000 na ushee. Kuta usiziguse, jasho la mikono linakula rangi.

Karnak iache alasiri, vuka Mto Nile uone zile nguzo 134 za ukumbi mkubwa vivuli vikirefuka. Beba maji na chenji ndogondogo. Walinzi hawakosi kuomba ya chai.