Kutoka ubavu wa meli hadi bodaboda: maswali yenu kuhusu neno "board"

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanazunguka neno moja la Kiingereza, "board". Kamusi zimelirundikia maana mpaka anayejifunza anakata tamaa: ubao, bodi ya wakurugenzi, chakula cha hotelini, kupanda ndege. Mimi nashikilia kwamba neno hili halitaki kukaririwa. Ukijua lilianza na kitu gani, maana nyingine zinajileta zenyewe.

Mwalimu alituambia "board" ni ubao. Sasa Bodi ya Mikopo ina ubao gani? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro)

Ubao upo, mwanangu, ila umefunikwa na mafaili. Katika Kiingereza cha zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, "bord" ulikuwa ubao uliopasuliwa kwenye gogo. Ikawa pia ni meza, kwa sababu meza ya enzi hizo mara nyingi ilikuwa mbao ndefu zilizolazwa juu ya vigoda vya miguu. Watu wakishakula, mbao zinaondolewa na kuegemezwa ukutani, nafasi inabaki kwa shughuli nyingine.

Basi wazee wenye mamlaka walipokaa kuizunguka meza ile kuamua mambo, jina la meza likawahamia wao. Kufikia karne ya 16 "board" lilikuwa tayari ni kundi la watu wenye kauli. Ndiyo maana chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 kukopesha wanafunzi wa elimu ya juu kinaitwa bodi.

Usidhani huo ni ujanja wa Waingereza peke yao. Kibaraza cha mawe mbele ya nyumba za Waswahili, wanapokaa wazee kuzungumza, ndicho kilichotupa Baraza la Mawaziri. Mahali pa kukalia pamewapa jina wanaokaa.

Wageni wanaulizia "full board" na "half board". Nawaelewesha bei, lakini mwenyewe sijui neno limetoka wapi. (Mhudumu wa hoteli, Nungwi)

Limetoka kwenye meza ileile, safari hii kwa sababu ya kilichowekwa juu yake. Anayelipia "full board" analipia milo mitatu; wa "half board" anapata kifungua kinywa na mlo mmoja mkubwa, kwa kawaida wa jioni. Na shule ya "boarding" ni shule inayokulisha. Sisi tulipotafuta jina letu tukashika upande wa pili: shule ya bweni, yaani unakolala. Wao walitazama sahani, sisi tukatazama kitanda, na mtoto yuleyule anapata vyote viwili.

Nafanya kazi bandarini. Upande wa kulia wa meli ni "starboard". Nyota imeingiaje hapo? (Msomaji wa Tanga)

Hili ndilo swali nililolipenda kuliko yote, na nitalikalia kidogo.

Nyota haimo kabisa. Sehemu ile ya mwanzo ni neno la kale la kuongoza chombo, lenye asili moja na "steer" la leo. Zamani meli za kaskazini mwa Ulaya hazikuwa na usukani nyuma katikati. Ziliongozwa kwa kasia pana lililofungwa ubavuni, upande wa kulia, maana watu wengi hutumia mkono wa kulia. Ipo meli ya Waviking iliyofukuliwa Oseberg, Norway, mwaka 1904. Ilijengwa karne ya 9, na kasia lake la kuongozea liko upande huohuo wa kulia. Kwa hiyo "starboard" ni ubavu wa usukani tu.

Na "board" hapa si ubao hasa. Lugha za jamii ya Kiingereza zilikuwa na maneno mawili yaliyofanana mno: moja la ubao, jingine la ukingo au ubavu wa chombo. Yakachanganyika vinywani mpaka yakawa neno moja. Hilo la ubavu ndilo lililotuachia "kuboard". Mwanzoni lilikuwa neno la vita: kusogeza meli yako ubavuni mwa meli ya adui na kuruka ndani yake. Leo unaliona kwenye pasi ya kupandia ndege, bila vurugu yoyote.

Upande wa kushoto nao una kisa. Kwa vile kasia lilikuwa kulia, meli ilifunga gatini kwa ubavu wa kushoto ili kasia lisisagwe. Upande huo ukaja kuitwa "larboard". Fikiria sasa nahodha anapiga kelele katikati ya dhoruba, "starboard!" au "larboard!", na mshika usukani anasikia mwisho wa neno tu. Makosa ya namna hiyo yanazamisha meli. Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru "larboard" liachwe, litumike "port", upande unaotazama bandari. Nauheshimu sana uamuzi ule, kwani neno la kazini lazima lisikike hata upepo ukivuma.

Manahodha wa majahazi yetu walipita njia nyingine: wanazitaja pande kwa upepo. Goshini ni unakotoka upepo, demani ni unakoelekea. Chombo kikigeuza tanga, na pande zinageuka.

Bodi ya gari na bodi ya wakurugenzi ni ndugu? Na dashibodi je? (Dereva wa daladala, Mbagala)

Ya gari siyo ndugu. Hiyo imetokana na "body", mwili, na Kiswahili kimeyafanya maneno mawili yafanane sauti. Dashibodi ndiyo ya ukoo wetu. Kabla ya magari, ulikuwa ubao uliosimamishwa mbele ya kigari cha farasi ili matope yanayorushwa na kwato yasimrukie dereva. Farasi wameondoka, ubao umebaki na kuwekewa mishale ya mwendo na mafuta.

Nimezaliwa mpakani. Kuna uhusiano wowote kati ya "board" na bodaboda? (Msomaji wa Busia)

Upo, ndugu yangu, na wa damu. Bodaboda ilianza huko kwenu, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa baiskeli kwanza. Wenye baiskeli waliwavusha abiria na mizigo katika kipande kilichopo kati ya vituo viwili vya mpakani, wakiita wateja kwa kelele: "boda, boda!" Yaani "border".

Hilo "border" Waingereza walilipata kwa Wafaransa, kutoka "bord", ukingo. Na Wafaransa nao walikuwa wamelipata zamani kwa majirani zao wa Kijerumani: ni lile neno la ubavu wa meli nililomweleza mwenzako wa Tanga. Kwa hiyo kijana anayeegesha pikipiki yake chini ya mwembe Mwanza anaitwa kwa jina lenye asili moja na ubavu wa meli za Waviking.

"Above board" maana yake nini? Nimelikuta kwenye mkataba wa zabuni. (Mfanyabiashara, Mwanza)

Ni shughuli iliyo wazi, isiyofichwa. Limetoka kwa wacheza karata, wakati "board" bado ni meza: mikono ikae juu ya meza, kila mtu aione. Anayeishusha chini ana karata nyingine mapajani.